Mgrivea: Namna ya Kupasua, Kukausha na Kung'arisha Mbao Zake kwa Kazi za Urembo

Mgrivea ni mti ambao wakulima wengi wa kahawa wa Kilimanjaro, Arusha, Embu, Kirinyaga na Murang'a wanao mpakani mwa shamba, na pengine kwa sababu hiyo ya kuuona kila siku ndiyo maana ni wachache wanaoufikiria kuwa mti wa samani nzuri. Matawi yake hukatwa kuni, shina lake hupasuliwa mbao za kuzuilia zege, na mabanzi yanayobaki huishia jikoni au kwenye tanuri la matofali. Sipingi matumizi hayo, kwa kuwa mkulima anahitaji kuni kila siku. Ninachosikitikia ni kwamba gogo nene la miaka mingi, lenye maua ndani yake, yaani michoro inayong'aa kwenye ubao, ambayo fundi angeweza kuyauza kwa bei ya heshima, hupasuliwa ovyo na kupigiliwa misumari ya zege bila mtu yeyote kuona kilichokuwamo.

Kwao mti huu ni mashariki mwa Australia, kando ya mito na katika misitu ya mvua ya kusini-mashariki mwa Queensland na kaskazini mwa New South Wales. Huko, mwanzoni mwa karne ya 20, mbao zake zilitengenezewa makabati, meza, fremu za madirisha na mapambo ya ndani ya nyumba, zikapendwa hata miti mikubwa ya asili ikapungua mno, na wafanyabiashara wakageukia miti ya jamaa yake inayoota kaskazini zaidi mwa Queensland. Jina lake la kisayansi ni Grevillea robusta. Lilichapishwa na mtaalamu wa mimea Robert Brown mwaka 1830, kutokana na kazi ya mkusanyaji wa mimea Allan Cunningham, na neno la kwanza linamkumbuka Mwingereza Charles Francis Greville. Kwetu uliletwa kuwa kivuli cha chai na kahawa, kama ulivyotumika India na Sri Lanka, na Kenya ya kati wengi huuita mukima.

Waaustralia wenyewe huuita mwaloni wa hariri, ingawa si mwaloni hata kidogo. Ni wa familia ya Proteaceae, familia moja na mmakadamia, ambao nao asili yake ni pande zile zile za Australia na leo unastawi katika wilaya zile zile za kahawa. Jina la mwaloni ulipewa kwa ajili ya mchoro wa mbao zake, na mwongozo huu wote unahusu mchoro huo: unatoka wapi, unaupataje na unauonyeshaje.

Miale, yaani asili ya maua ya ubao

Ukiangalia gogo la mgrivea lililokatwa sasa hivi, utaona mistari mingi myembamba inayotoka kwenye kiini kuelekea kwenye gome, kama spoki za baiskeli. Mistari hiyo ni miale, tishu ambazo mti ulizitumia kupitishia na kuhifadhia chakula kutoka nje kwenda ndani. Miti yote ina miale, lakini katika miti mingi ni midogo kiasi kwamba jicho haliioni. Ya mgrivea ni mipana, na kila mmoja si uzi bali ni kama utepe uliosimama wima ndani ya shina. Msumeno ukipita sambamba na utepe huo, uso wa ubao hufichua ubavu wake mzima, na hapo ndipo yanapotokea mabaka yanayong'aa kama magamba ya samaki. Msumeno ukiukata utepe huo kwa kuukingama, ubao huonyesha vistari vifupi tu vilivyofifia, na mtazamaji huona mbao ya kawaida ya rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo.

Gogo moja, basi, hutoa mbao za aina mbili zisizofanana kabisa, na tofauti yao ni mwelekeo wa msumeno peke yake. Mara ya kwanza nilipolielewa jambo hili nilikuwa nimesimama kwenye rundo la mbao nane za inchi moja kwa inchi nane zilizolowa mvua. Saba kati yake zilikuwa butu machoni, na ya nane, iliyopita karibu na kiini, ilikuwa na maua kutoka ncha hadi ncha. Muuzaji alikuwa amezipanga zote kwa bei moja.

Hatua ya kwanza: kuchagua mti au gogo

Tafuta shina lenye kipenyo kisichopungua sentimita 40 kwenye kimo cha kifua. Sababu ni ya hesabu: ubao wenye maua hutoka kati ya kiini na gome, kwa hiyo upana wake hauwezi kuzidi nusu ya kipenyo, na humo bado utatoa kiini chenyewe, ambacho hupasuka, na sehemu nyeupe ya nje, ambayo hupendwa na wadudu. Gogo la sentimita 40 litakupa ubao wa sentimita 12 hadi 15, unaotosha paneli za kabati na vifuniko vya masanduku. Gogo la sentimita 25 litakupa vipande vya fremu za picha tu.

Chagua mti ulionyooka. Mti ulioinama huwa na nyuzi zenye mvutano ndani yake, na mbao zake hujipinda mara tu msumeno unapotoka. Angalia pia jinsi ulivyokatwa matawi, kwa kuwa wakulima wengi hukata matawi ya mgrivea kila baada ya muda ili kupunguza kivuli na kupata kuni, na kila tawi lililokatwa huacha kifundo. Kwa kawaida sehemu ya chini ya shina, yenye urefu wa mita mbili au tatu, ndiyo safi kuliko zote.

Kuna jambo moja ambalo halipuuzwi bila hasara. Mgrivea wa mpakani mara nyingi umetumika kama nguzo ya ua, na seng'enge na misumari iliyopigiliwa miaka 15 iliyopita sasa imo ndani kabisa, imefunikwa na gome. Muulize mwenye shamba, na mwambie akuonyeshe ua ulipita wapi. Tazama madoa meusi kwenye ncha ya gogo, kwa kuwa chuma kikiwa ndani ya mbao mbichi hutia weusi unaoenea juu na chini. Kabla ya kukata, pitia ofisi ya misitu ya wilaya kuulizia kibali cha kukata na cha kusafirisha, hata kama mti ni wa shambani kwako.

Hatua ya pili: kupasua kuelekea kiini

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, nami nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa kosa linalofanyika hapa halirekebishwi na randa wala vanishi.

Wapasuaji wengi hulaza gogo na kulikata mbao moja baada ya nyingine kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, jinsi mtu anavyokata mkate. Njia hiyo ni ya haraka na haipotezi mbao, lakini hutoa mbao mbili au tatu tu zenye maua, zile zilizopita katikati. Ukitaka gogo zima lifanye kazi ya urembo, lipasue hivi. Kwanza, chora kwa chaki msalaba kwenye ncha ya gogo, mistari ikutane kwenye kiini, kisha pasua kwa kufuata mistari hiyo mpaka upate robo nne. Pili, ilaze robo ya kwanza na kata ubao mmoja kutoka kwenye uso mmoja bapa, kisha igeuze na ukate ubao kutoka kwenye uso wa pili, na uendelee kugeuza hivyo hivyo mpaka robo iishe. Kila ubao unaotoka utakuwa umeelekea kiini au karibu na hapo, na kadiri robo inavyopungua ndivyo mbao zinavyokuwa nyembamba, jambo ambalo halizuiliki. Tatu, ondoa kiini kwenye kila ubao kwa kukata ukanda wa sentimita mbili au tatu.

Fundi wa msumeno atalalamika kwamba njia hii inamchosha na inaacha vipande vya pembe tatu, na malalamiko yake ni ya haki, kwa hiyo patana naye malipo kwa muda badala ya kwa idadi ya mbao. Mwambie akate unene wa milimita 32 ikiwa unataka kubaki na milimita 25 baada ya kukausha na kuranda. Na pasua gogo ndani ya siku chache baada ya mti kuanguka, kwa kuwa gogo likikaa chini hupasuka nchani na kuingiwa na wadudu.

Ngozi yako pia inahitaji ulinzi. Mgrivea una kemikali inayowasha watu wengi, hasa vumbi la mbao mbichi na utomvu wake. Mimi nilipasua siku nzima nikiwa nimekunja mikono ya shati, na kwa wiki moja mikono ilikuwa na vipele vilivyonyima usingizi. Vaa nguo ya mikono mirefu, glavu na barakoa, na uoge mara tu baada ya kazi.

Ikiwa huna gogo lako, soko la mbao halijakunyima nafasi. Nenda kwenye rundo la mgrivea na usitazame uso wa mbao kwanza, tazama ncha. Tafuta ubao ambao miale yake nchani imelala sambamba na uso mpana. Miale ikiwa imesimama, yaani imetoka uso mmoja kwenda uso wa pili, ubao huo urudishe. Ukipata unaofaa, futa vumbi kwenye uso wake, mwagia maji kidogo na uinamishe polepole kwenye mwanga: maua yatajitokeza mara moja, yatatoweka, na kutokea tena kadiri unavyoinamisha. Katika rundo la mbao 20 unaweza kupata tatu au nne.

Hatua ya tatu: kukausha bila haraka

Siku ile ile ya kupasua, paka ncha zote za mbao rangi ya mafuta au nta iliyoyeyushwa. Maji hutoka nchani kwa kasi kuliko usoni, na ncha isiyopakwa hupasuka hadi sentimita 10 au zaidi kuingia ndani. Kisha panga mbao kivulini, mahali penye upepo wa kupita, juu ya magogo yaliyoinua rundo angalau sentimita 40 kutoka ardhini. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya unene sawa, kila baada ya nusu mita, vikiwa vimenyooka juu ya vyenzake kutoka chini hadi juu ya rundo, kwa kuwa kijiti kilichokaa pembeni hupindisha ubao ulio chini yake. Juu kabisa weka mawe au matofali, na bati la kuzuia mvua na jua.

Ubao wa inchi moja uliopasuliwa kuelekea kiini huchukua miezi mingi, na mimi huupa mwaka mzima. Hukauka polepole kuliko ubao wa kawaida, lakini hukulipa, kwa kuwa ukinywea hupungua upana kwa nusu tu ya ule mwingine au chini ya hapo, na hubaki umenyooka. Kipimo cha unyevu kikionyesha asilimia 12 hadi 14, uingize ndani ya karakana ukae wiki tatu kabla ya kuugusa. Usiponunua kipimo, pima uzito wa ubao mmoja kila mwezi na uuandike kwa penseli juu yake. Usipopungua tena kwa miezi miwili, umekauka. Wakati wote huo angalia unga mweupe chini ya rundo, kwa kuwa mgrivea hauna kinga kubwa dhidi ya wadudu wala mchwa. Kwa sababu hiyo hiyo usiutumie kwa mlango wa nje, uzio au kitu chochote kinachogusa udongo.

Hatua ya nne: kuranda uso wenye maua

Ugumu wa mgrivea ni wa wastani na hausumbui msumeno, lakini maua yake ndiyo yanayomsumbua mwenye randa. Miale haiendi upande mmoja na nyuzi, na randa butu huibandua vipande vipande na kuacha mashimo madogo kama alama za ndui. Noa ulimi wa randa mpaka unyoe nywele za mkono, utoe kidogo mno kiasi kwamba randa inatoa utando unaopenyeza mwanga, na usukume randa ikiwa imekaa mshazari. Ukiona uso unachimbika, geuza ubao na uje kutoka upande wa pili. Mashine ya kuranda ifanye kazi ya mwanzo tu, kisha milimita ya mwisho umalizie kwa mkono.

Panapokataa kabisa, acha randa na utumie kipande cha chuma chembamba kilichonolewa ukingoni, ukikwangua kwa vidole gumba viwili vikikikunja kidogo. Baada ya hapo msasa namba 120, 180 na 240, daima kwa kufuata nyuzi. Usiruke namba, kwa kuwa mikwaruzo ya msasa mkali hukaa juu ya miale na kuzima mng'ao wake.

Hatua ya tano: kuupa ubao mahali pake

Maua ya mgrivea yana nguvu, na chumba kilichojaa maua hayo kila upande huchosha macho. Mimi huyaweka katikati na kuyazungushia mbao tulivu: paneli yenye maua ndani ya fremu ya mbao za kawaida za mgrivea huo huo, zile saba zilizobaki kwenye rundo. Kwa njia hiyo hakuna kinachopotea, na rangi zinaoana bila shida.

Chukua mfano wa mlango wa kabati. Ubao wako una upana wa sentimita 13 na paneli inahitaji sentimita 25. Pasua ubao wa milimita 32 katikati ya unene wake, upate mbao mbili nyembamba, kisha zifungue kama kurasa za kitabu na uziunganishe. Mchoro wa kushoto utakuwa kivuli cha mchoro wa kulia, na wengi huishia hapo wakifurahi. Lakini tazama kwa makini kabla ya kutia gundi: kwa kuwa umegeuza ubao mmoja, miale yake imeinamia upande wa pili, na mwanga ukitoka dirishani nusu moja huwaka huku nusu nyingine ikififia. Wapo wanaopenda hali hiyo. Usipoipenda, usigeuze ubao wa pili, bali uteleze tu kando ya mwenzake uso ukibaki juu. Mchoro hautakuwa kivuli tena, lakini paneli nzima itawaka kwa pamoja.

Unganisha kwa gundi nyeupe ya maji, bana kwa klempu usiku mmoja, kisha ingiza paneli kwenye mfereji wa fremu bila gundi, ukiacha nafasi ya milimita mbili kila upande ili iweze kutanuka msimu wa mvua. Paneli iliyogundishwa kwenye fremu itapasuka katikati, na itapasuka mahali penye ua zuri kuliko yote.

Kwa vipande vidogo, fremu za picha na vifuniko vya masanduku ya vito hupendeza sana, na bakuli la kukereza lina raha yake, kwa kuwa ukuta wake unapozunguka, maua hutokea pande mbili na kupotea pande mbili nyingine. Kwa nakshi za kuchonga sipendekezi ubao wenye maua: patasi na mchoro wa asili hugombania jicho la mtazamaji, na miale humeguka kwenye kona nyembamba.

Hatua ya sita: kupaka na kuweka

Usipake rangi nzito. Nimeona makabati ya mgrivea yaliyopakwa rangi ya mahogani mpaka hakuna tofauti kati yake na ubao wa kubandika. Mbao hizi hukolea zenyewe kuelekea kahawia yenye wekundu kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo unachokiona siku ya kwanza si rangi ya mwisho. Ukihitaji kuikoleza, jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao huo huo, kwa kuwa miale hainyonyi rangi sawa na nyuzi zinazoizunguka, na matokeo hayabashiriki kwa kutazama kopo.

Ninachokiamini zaidi ni shelaki, aina ya ulimbo wa kung'arishia mbao, iliyoyeyushwa katika spiriti, mikono minne au mitano myembamba kwa kitambaa cha pamba kilichoviringwa, na kati ya mkono na mkono msasa namba 400 kwa kugusa tu. Kwa meza ya chakula, ambayo itamwagikiwa chai moto, tumia vanishi ya mafuta iliyozimuliwa, kwa kuwa shelaki huweka alama nyeupe za vikombe. Mafuta ya kitani peke yake hufaa kwa masanduku na fremu, ila vitambaa ulivyovitumia vitandaze nje vikauke, usivikunje na kuvitupa kwenye pipa, kwa kuwa huweza kuwaka moto vyenyewe.

Mwisho, pima mahali utakapokiweka kitu chako. Mwanga unaotoka juu ya kichwa au mbele moja kwa moja huyalaza maua, na mgeni atapita bila kuyaona. Weka kabati kwenye ukuta ulio pembeni mwa dirisha ili mwanga ulipite kwa ubavu, kisha funga na ufungue mlango polepole asubuhi na jioni ukitazama mng'ao unavyohama, na uisogeze kabati mpaka paneli iwake kutokea pale mtu anapoketi.